Atlanta ina watu wangapi? Inategemea mpaka umeuchora wapi

Ukiuliza Atlanta, jiji la jimbo la Georgia huko Marekani, kuna watu wangapi utapewa majibu mawili na yote ni sahihi. Sensa ya 2020 iliwakuta watu 498,715 ndani ya jiji, ila ukihesabu metro nzima, yaani jiji pamoja na maeneo yanayolizunguka, kaunti 29, unapata milioni 6 na ushee. Yaani kwenye kila watu 100 wa metro waliomo jijini hasa ni kama 8 tu, hao wengine, wapo wenye meya wao na polisi wao, na wapo ambao hawana hata meya, wako chini ya kaunti basi.

Halafu jiji lenyewe halijakua kihivyo. Mwaka 1970 lilikuwa na karibu nusu milioni, likashuka mpaka 394,017 mwaka 1990, ndo likapanda tena kurudi pale pale lilipokuwa. Sehemu kubwa ya ukuaji unaosikia watu wanausifia iko nje ya mpaka. Na mpaka wa metro nao hautulii, maana serikali kuu ya Marekani inaangalia watu wanaamkia kazini wapi, kaunti ya pembeni ambayo robo ya wafanyakazi wake wanaenda kaunti za katikati inaingizwa kwenye metro. Kwa hiyo ukisikia metro imeongezeka watu kadhaa, ujue kuna waliozaliwa, kuna waliohamia, na kuna ambao hawajasogea hata hatua moja, mtu kalala shamba kaamka mjini.

Sasa ugomvi wa miaka yote ni huu, jiji limeze majirani au kila mtaa ujitegemee?

Wanaotaka jiji lipanuke wana mfano wa 1952. Mwaka huo Atlanta ilichukua Buckhead, mtaa wa matajiri, na maeneo mengine, ukubwa wake ukawa zaidi ya mara tatu na watu wakaongezeka kama 100,000 kwa mpigo. Hela ya kodi ya majengo kutoka Buckhead inachangia sana kuliendesha jiji mpaka leo. Ila tusidanganyane, haikuwa ishu ya huduma peke yake, meya wa wakati huo William Hartsfield alikuwa pia anapiga hesabu ya kura, alitaka wazungu waliohamia pembeni warudi kwenye daftari la jiji kabla watu weusi hawajawa wengi. Mpaka ukisogezwa mahali popote mimi huwa nauliza kwanza uchaguzi ni lini.

Upande wa pili kuna Sandy Springs, kitongoji cha kaskazini mwa Atlanta. Hawa walilalamika miaka na miaka kwamba wanailipa kaunti ya Fulton kodi nyingi na wanachorudishiwa hakionekani, 2005 wakapiga kura wakawa jiji kamili, na baada yao wakafuata Johns Creek, Milton, Dunwoody, Brookhaven. Mimi siwalaumu moja kwa moja. Kama barabara ya mbele ya nyumba yako ina shimo na wa kumlalamikia yuko mbali, na kura yako kwake ni tone baharini, utatafuta wa karibu. Kilichonichekesha ni kwamba walianza kwa kumpa mkandarasi binafsi karibu kila kazi isipokuwa polisi na zimamoto, wakasifiwa kila kona kwamba huo ndo mfano wa kuigwa, ila 2019 wakapiga hesabu upya wakaona ni nafuu kuajiri wenyewe, wakarudisha sehemu kubwa ya hizo kazi ofisini kwao.

Lakini kujitenga kuna anayeachiwa bili. Buckhead ilipotaka kujitoa, maswali yakawa mazito, madeni ya jiji atalipa nani, watoto wa Buckhead walioko shule za Atlanta waende wapi, na muswada ukaangushwa kwenye Seneti ya Georgia mwaka 2023 kwa kura 33 dhidi ya 23. Mi naona walifanya sawa, maana mtaa tajiri ukiondoka na kodi yake wanaobaki hawapungukiwi mahitaji, wanapungukiwa hela tu.

Pale mpaka unapouma kweli ni kwenye usafiri. MARTA, yaani mabasi na treni za mji, ilipangwa iwe ya kaunti tano, Cobb wakakataa 1965, Gwinnett na Clayton wakakataa 1971, ikabaki Fulton na DeKalb. Timu ya besiboli ya Braves ilihamia Cobb 2017, inaitwa Atlanta, anwani ya uwanja inasema Atlanta, ila uwanja hauko Atlanta na treni haifiki. Cobb na Gwinnett waliulizwa tena Novemba 2024, safari hii si kujiunga na MARTA bali kodi ya usafiri wa kaunti zao wenyewe, wakakataa tena. Na wana hoja, kodi ya asilimia moja kwa miaka 30 ni ndefu, na mtu ambaye hataliona hilo basi karibu na kwake unamwambiaje achangie? Bado nawapinga, kwa sababu foleni haijui mpaka wa kaunti, na huyo huyo asubuhi yuko kwenye barabara ya wenzake. Takataka na vibali vya ujenzi kila mji ubaki na vyake, mabasi na maji hapana.

Angalia Clayton. Uwanja wa ndege wa Hartsfield-Jackson ni mali ya jiji la Atlanta, ila sehemu yake kubwa imekaa kwenye ardhi ya Clayton. Machi 2010 kaunti ikaishiwa hela ikafuta mabasi yake yote. Kwa miaka mitano mtu asiye na gari alikuwa anatembea pembeni ya barabara kubwa, magari yanampita kwa spidi, juu kichwani ndege zinashuka kwenye kiwanja chenye abiria wengi kuliko vyote duniani. 2014 wakaulizwa kama wajiunge na MARTA na wajiongezee kodi, zaidi ya 70% wakasema ndiyo, na Machi 2015 basi likarudi.