Miji Kwanza, Piramidi Baadaye

Kila mgeni wa Civilization VI, mchezo wa kompyuta wa kujenga miji na kukuza taifa zamu kwa zamu, hapa Kampala hupewa ushauri uleule, nami hunikera kila ninapousikia: wahi Stonehenge, fuatia Piramidi, mengine yatajipa. Hayo ni maajabu, majengo makubwa ambayo kila moja hujengwa mara moja tu duniani, na anayewahi ndiye anayelipata. Hayajipi. Anayempa mgeni maneno hayo anamtia hasara ya zamu 30, na zamu 30 za mwanzo ndizo zinazoamua mchezo mzima.

Tazameni kioo cha mtu aliyeufuata. Zamu ya 45. Ana mji mkuu peke yake, wa pili haupo. Askari wake mmoja amesimama nje na majeraha, skauti wa washenzi ameshauona mji na amekwisha kurudi kambini kuwaita wenzake. Stonehenge imebaki zamu 4. Mara inatokea taarifa: ajabu hiyo imekamilika katika nchi ya mbali. Pale kando ya mawe alipotenga kiwanja hapana kitu, na majirani wameshatia miji kwenye mito yote mizuri.

Tupige hesabu kwa kasi ya kawaida ya mchezo. Stonehenge inataka uzalishaji 180. Bustani Zinazoning'inia, 180. Hekalu la Artemi, 180. Mji mkuu wa siku za mwanzo unaotoa 6 kwa zamu utaning'inia hapo zamu 30, haufanyi lingine. Kwa uzalishaji huohuo unapata mlowezi wa 80, mnara wa kumbukumbu wa 60 na mpiga kombeo wa 35. Jumla 175, na chenji inabaki. Mlowezi huyo anakuwa mji, na mji huo unatoa uzalishaji wake, unapanua mipaka, kisha nao unatoa mlowezi wake. Stonehenge inakupa Nabii Mkuu wa kuanzisha dini, basi. Nabii huyo ungeweza kumpata kwa kujenga wilaya ya ibada mapema. Ukicheza ngazi ya Deity, ile ngumu kuliko zote, ambako kompyuta inaanza na walowezi 3 nawe unaye mmoja, kushindana nayo kwa Stonehenge ni kumwaga maji mchangani.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitazami kabisa, nalo ni kadi za sera, zile unazozitia kwenye nafasi za serikali yako ili zikupe nyongeza. Colonization inaongeza asilimia 50 kwenye uzalishaji wa walowezi. Corvée inaongeza asilimia 15 kwenye maajabu ya enzi mbili za kwanza. Zote mbili ni kadi za uchumi, na serikali ile ya kwanza ina nafasi moja tu ya kadi ya uchumi. Kwa hiyo huwezi kusema utafanya yote mawili. Mchezo wenyewe umekuwekea mizani mkononi, na upande wa walowezi ni mzito mara tatu na zaidi.

Buganda wanalijua hili kwa njia ya uchungu. Miaka ya 1880 mfalme wao, Kabaka Mwanga, aliwachimbisha watu ziwa lile la Mengo, wakuu na raia wakabebeshwa udongo, na manung'uniko ya kazi ile yalikuwa miongoni mwa yaliyomng'oa kwenye kiti mwaka 1888. Ziwa lipo mpaka leo. Nguvu iliyotiwa humo haikwenda kwingine.

Haya, Piramidi. Nakubali ni nzuri, ila nakubali kwa masharti. Bei yake ni 220, zinakupa mjenzi mmoja wa bure, na kila mjenzi baada ya hapo anafanya kazi 4 kabla ya kuisha, badala ya 3. Mjenzi wa kwanza ni 50, hivyo kazi moja ni kama 17. Bei ya wajenzi hupanda kila unapomtoa mwingine, tuseme kazi moja ifike 20 kwa wastani. Toa 50 za mjenzi wa bure, umebaki na deni la 170. Unahitaji wajenzi 8 au 9 ndipo deni lilipike. Mwenye miji 8 atawatoa hao haraka na kuendelea kufaidi hadi mwisho wa mchezo. Mwenye miji 2 atawapa kazi gani? Ndiyo maana nasema Piramidi ni za mtu aliyekwisha kutawanyika. Coliseum ya Rumi ni hivyohivyo: 400, na raha yake inafika miji iliyo ndani ya vipande 6 vya ramani, kwa hiyo bila miji iliyokaribiana umejenga uwanja wa watazamaji wachache.

Anayecheza na Qin Shi Huang wa China nimemsamehe. Wajenzi wake wana kazi 4, na kila kazi moja inamaliza asilimia 15 ya ajabu ya kale. Mjenzi mmoja, asilimia 60. Huyo ajenge.

Bustani Zinazoning'inia ziacheni.

Petra ndiyo ajabu ninayoweza kuipigania kwa moyo wote, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Inagharimu 400 na inafunguliwa na teknolojia ya Hisabati. Kila kipande cha jangwa cha mji ule kinapata chakula 2, dhahabu 2 na uzalishaji 1. Kilima cha jangwa kilichokuwa hakina hata punje ya chakula kinageuka kuwa shamba na mgodi kwa pamoja. Lakini uwanda wa mafuriko haupati chochote, na watu huhesabu mto mzima kama jangwa kisha wanashangaa. Hesabu vilima na mchanga mkavu tu. Vikipungua 5, achana nayo. Kosa la pili ni baya zaidi: Petra lazima ikae kwenye jangwa tambarare, na wengi hujaza tambarare yote wilaya za biashara na za elimu kabla Hisabati haijafika. Siku unapoweka mji, tia alama kwenye kipande kimoja tambarare usikiguse. Achia misitu 3 ndani ya mipaka. Petra ikiwa ndiyo inayojengwa, mlete mjenzi aikate misitu hiyo, uzalishaji wake uingie kwenye ujenzi: kila msitu hutoa 20 mwanzoni na kiasi hicho hukua kadiri teknolojia zinavyofunguka, na gavana Magnus akiwa na cheo cha Groundbreaker katika mji huo, ongeza nusu yake tena.