Setilaiti ya chuo kikuu: swali liwe letu kwanza

Anayenunua maji ya mkokoteni kwa mtungi wa lita 20 hapa Mombasa ana haki ya kuuliza kwa nini chuo kikuu kiunde setilaiti ya kuchunguza hewa ya juu. Watetezi hujibu kwamba chombo chenyewe ni mchemraba wa sentimita 10 kila upande, mfano wa boksi la halua, na kwamba Chuo Kikuu cha Nairobi kilikwisha kuthubutu: setilaiti yake 1KUNS-PF, iliyoundwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mwezi Mei 2018.

Udogo, hata hivyo, si hoja. Hoja ni hewa yenyewe. Kilomita 200 hadi 500 juu yetu hewa ni nyepesi mno, lakini dhoruba ya jua ikiipasha moto hutanuka na kuvikwamiza vyombo hadi vikaanguka. Februari 2022 kampuni ya Marekani ya SpaceX ilipoteza hadi setilaiti 40 kati ya 49 ilizokuwa ndiyo kwanza imezirusha. Karibu na ikweta lipo jambo la ziada: jua likishatua, huzuka katika tabaka lenye chembe za umeme mapovu yanayovuruga mawimbi ya GPS, pengine hadi usiku wa manane.

Historia ndiyo inayonifanya nisite. Tarehe 26 Aprili 1967, kutoka jukwaa la baharini huko Ngomeni, karibu na Malindi, timu ya Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma ilirusha setilaiti ya San Marco 2 ili kupima hewa hiyo hiyo juu ya ikweta. Pwani ilitoa bahari, swali likawa la wageni. Setilaiti yenye bendera yetu na kifaa cha kuagizwa haitabadilisha hilo.

Wapinzani nao wana hoja nzito zaidi ya ile ya maji: chombo hupita juu ya Mombasa kwa dakika chache tu, na kikiachiwa kwenye kilomita 400 huungua baada ya mwaka mmoja au miwili hivi. Ajabu ni kwamba hata kikizimika siku ya kwanza, kasi ya kushuka kwake, ikifuatiliwa kwa rada, hueleza uzito wa hewa. Ila setilaiti mfu za wengine hueleza hayo hayo bila sisi kutoa senti. Mimi ningeanzia paani. Kipokezi cha GPS cha kupima mitikisiko ya mawimbi, kikifungwa juu ya jengo la chuo pale Tudor, kitayanasa mapovu kila jioni yanapozuka, na mwanafunzi aliyezoea kuisoma michoro yake ndiye atakayejua ni kifaa gani cha kutiwa ndani ya lile boksi.