Hotuba ya Esibi na Seth

Kamusi yangu ya kwanza ya Kiingereza niliinunua Kenya. Msinionee wivu: Kenya ninayosema ni komini yetu, yaani sehemu ya mji, hapa Lubumbashi, Kongo, yenye soko ambalo kitu ukikikosa humo, jua hakijatengenezwa bado. Kitabu kilikuwa kinene, kimechakaa, hakina jalada, na kilianza moja kwa moja na neno "abandon".

"Papa, mbele yake iko wapi?" nikamuuliza muuzaji.

"Ile ya mbele ni maelezo tu. Maneno yote iko humu."

Kando yake mama mmoja alikuwa akifungia karanga katika karatasi zilizochapwa Kiingereza. Mambo hayo mawili sikuyaunganisha. Nilikuwa nahesabu faranga.

Promo yetu nzima, yaani wanafunzi wote wa mwaka wetu, ilikuwa na kamusi tatu, na tulizipangia foleni kama watu wa kisimani. Waliokuwa na programu ya kamusi kwenye simu walitamba mpaka mega za intaneti zilipoisha, na Kiingereza chao kikaisha nazo. Wengi walitafuta neno la Kifaransa, wakachukua jibu la kwanza lililotokea, wakakimbia. Ndivyo mwenzetu mmoja alivyoandika kwamba mjomba wake ni parachichi na anatetea watu mahakamani, kwa kuwa Kifaransa kina "avocat" mbili, wakili na tunda, naye jicho lake liliangukia kwenye tunda.

Mimi nilijiona mjanja. Sikukariri maneno, nilikariri mifano mizima. Na humo nikagundua siri ambayo hakuna aliyekuwa ameniambia: Waingereza wana maneno mawili wanayoyapenda kupita yote, "sb" na "sth". Yako kila ukurasa! Mtu akishukuru, sb. Akiomba samahani, sb na sth. Nikasema moyoni, haya ndiyo maneno yao ya heshima. La kwanza nikalisoma "esibi". La pili lilikuwa na th, ile tuliyofundishwa kuitamka ulimi ukiwa kati ya meno, basi nikapata "seth".

Klabu yetu ya Kiingereza ikapata mgeni, mwalimu mama kutoka Kitwe, Zambia. Mimi ndiye niliyechaguliwa kumkaribisha. Asistenti wetu, yaani mwalimu msaidizi, alitaka kuiona hotuba kabla, nikakataa. Niliogopa ataniibia misemo.

Siku yenyewe umeme ulikatika na ukumbi ukawa tanuri. Mgeni akaingia, akasema, "Mulishani!" Nusu ya ukumbi ikaitikia kwa furaha, maana Kibemba kinazungumzwa pande zote mbili za mpaka. Kwa hiyo tungeweza kuongea naye Kibemba tangu mwanzo, tukaelewana, tukala, tukaenda zetu. Lakini sheria ya klabu ilikuwa Kiingereza tu, na sheria hiyo niliitunga mimi.

Nikasimama. "We are happy to welcome Esibi to Seth."

Mgeni akatazama kushoto, akatazama kulia, akatoa kalamu, akaandika kitu.

"We thank Esibi for Seth."

Hapa nieleze jambo. CP wetu, mkubwa wa promo, jina lake Seth. Alikaa mstari wa mbele, shati jeupe. Aliposikia jina lake katika shukrani mbele ya wageni, akanyoosha kola.

"We rely on Seth," nikaendelea, yaani tunamtegemea Seth, na ulimi nikautoa nje kama niko mbele ya daktari. Watu wakapiga makofi. Seth akainuka nusu, akainamisha kichwa kidogo. Sikuelewa kwa nini anasalimia watu katikati ya hotuba yangu, ila nilidhani amenogewa na Kiingereza.

Nikafika sehemu ya kuomba radhi kwa joto na kwa viti vilivyovunjika. Nikavuta pumzi.

"We apologize to Esibi for Seth!"

Ukumbi ukanyamaza. Tunamwomba radhi Esibi kwa sababu ya Seth. Yeye Seth, kijasho kikamtoka. Akageuka kuwatazama wenzake, wote macho kwake. Mara akasimama wima:

"Juu ya nini mnanichafua mbele ya wageni? Ile pesa ya fotokopi nitarudisha! Nilisema nitarudisha!"

Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza habari za pesa ya fotokopi. Tulikuwa tunajua tu kwamba mashine imeharibika, kama alivyotuambia yeye, tangu mwezi wa pili.

Kelele zilipotulia, mgeni akaniita kando, akauliza kwa upole huyo bwana Esibi ni nani, maana hajamwona bado. Nikamletea kamusi, nikamwonyesha kwa kidole. Mama wa watu alicheka hadi akavua miwani. Akanieleza kwamba "sb" ni ufupisho wa "somebody", yaani mtu fulani, na "sth" ni "something", kitu fulani. Kamusi za wanafunzi zinaweka alama hizo ili ujue kitenzi kinafuatwa na nini. Mtindo wa kuwaonyesha wanafunzi jinsi kitenzi kinavyotumika ulishughulikiwa sana na Mwingereza A. S. Hornby, ambaye kamusi yake ilitoka Tokyo mwaka 1942 kabla ya kuchapishwa na Oxford University Press mwaka 1948. Ufupisho huo mara nyingi huelezwa kwenye kurasa za mbele. Zile za karanga.

"Uliinunua wapi?" akauliza.

"Kenya."

"Kenya!" akashangaa. "Nchi nzima ile, wanakuuzia kitabu kisicho na kichwa?"

Nilichoka, sikumsahihisha. Aliondoka na kunitakia kheri kwa Kibemba, nadhani kwa usalama wake.

Jumatatu Seth alirudisha faranga zote, na mashine ya fotokopi ikapona siku hiyohiyo. Muhula uliofuata mweka hazina wa klabu akaanza kuzungukazunguka na hesabu. Jioni moja wenzangu watano wakanijia nyumbani, wamebeba kamusi yangu, wakaniita kwa heshima kama ndugu yao mkubwa: "Yaya, tunaomba utuandalie hotuba."