Simba Sita, Yanga Bila, na Friji la Mwenye Nyumba

Ukibahatika kuipata Famicom, ile mashine ya gemu ya Kijapani yenyewe na siyo hizi nakala za mtaani, usikimbilie kaseti. Shika kwanza pedi ya pili. Pedi ya kwanza ina vitufe vya Start na Select kama kawaida. Ya pili haina. Pahala pake wameweka maiki, vitundu vidogo kama vya chujio la chai, na kidude cha kusogeza cha kuongezea sauti. Ukisema neno pale, linatokea kwenye spika ya TV, uwe unacheza gemu yoyote ile.

Nintendo waliitoa mashine hiyo Julai 1983, na gemu ambazo maiki ina kazi ya maana ni za kuhesabu. Kwenye The Legend of Zelda ya 1986, toleo la Japani, kuna zimwi lenye masikio makubwa; ukilipigia kelele kwenye maiki linakufa. Mashine waliyowauzia Wamarekani na Wazungu haikuwekewa maiki. Wenzetu wakasalimika.

Mimi nilikuwa mpangaji Magomeni, enzi za antena, kabla ya ving'amuzi na kabla ya mitambo ya analojia kuzimwa Dar es Salaam mwisho wa 2012. Nyumba ya vyumba sita, korido moja, uani mmoja, choo kimoja. Mwenye nyumba, Mzee wetu, alikaa vyumba vya mbele na Bi Mkubwa wake. Sisi tulikuwa vyumba viwili vya katikati: mimi, Mama Mwajuma, Mwajuma mwenyewe, na mdogo wake wa kiume ambaye kwa wakati huo alikuwa hajui kusoma lakini Super Mario anaimaliza.

Famicom niliipata Ilala kwa mtu wa mitumba. Ilikuja kutoka Japani ndani ya buti la gari lililotumika, imebanwa na matairi. Yule bwana alikuwa anaiuza kama mashine ya kupimia presha. Pedi zake zimeunganishwa moja kwa moja na mashine kwa waya, hazichomoki, akawa anamwonyesha mama mmoja namna ya kuzifunga mkononi, moja kulia, moja kushoto. Nilivumilia mpaka yule mama alipoondoka, nikainunua kwa bei ya kipimo kibovu.

Hapa niseme jambo kwa faida ya wenye tamaa kama yangu. Adapta yake ni ya volti 100, umeme wetu ni 230. Kila ninayemjua aliyeichomeka hivi hivi ukutani alipata moshi kabla ya kupata picha. Tafuta transfoma. Na kaseti ikikataa, acha kuipuliza. Najua wote tulikua tunapuliza, na wapo watu wazima mpaka leo wanaapa kwamba inasaidia. Kinachosaidia ni kuichomoa na kuirudisha. Mate yako yanapeleka kutu kwenye meno ya shaba. Chukua spiriti na kijiti cha pamba, sugua taratibu, iache ikauke. Mke wangu alinikuta nasugua Contra namna hiyo saa tano usiku, akaniambia masikio ya mtoto sijawahi kuyasafisha kwa mapenzi yale.

Mama Mwajuma si adui wa gemu, ni mtu wa kumaliza mambo. Kwenye Battle City, ile ya vifaru ya 1985, mnacheza wawili mkilinda ndege aliyezungushiwa ukuta wa matofali. Ndege akipigwa, gemu imekwisha. Siku nilipomshawishi acheze upande wangu, aligeuza kifaru chake, akabomoa matofali ya nyumbani, akamlipua ndege wetu wenyewe. "Haya, imeisha. Njoo ule."

Sasa twende kwenye antena. Famicom haina tundu la kutolea picha kama mashine za baadaye. Inajifanya kituo cha televisheni: picha na sauti zinatoka kama mawimbi, zinapita kwenye waya wa antena, TV inazinasa kama inavyonasa taarifa ya habari. Inatakiwa iwe na kisanduku chake cha kuzuia mawimbi yasipande kwenye antena. Changu kilibaki Japani. Fundi redio wa mtaani akaniungia waya kwa waya, kwenye antena ile ile iliyokuwa juu ya bati ikihudumia nyumba nzima, akafunga na plasta nyeusi, akasema, "Hapo umemaliza, bosi."

Kweli nilikuwa nimemaliza. Famicom inatumia chaneli ya 1 au ya 2 za Japani, unachagua kwa swichi ya nyuma. Chaneli ya 1 ya Wajapani ilianzia megahezi 90 mpaka 96, na sauti yake ilikaa 95.75, tena ilikuwa sauti ya FM. Kwao haikuwa taabu, redio zao za FM wakati huo ziliishia 90. Zetu zinakwenda 88 mpaka 108. Mwenye kuelewa ameshaelewa. Nilikuwa nimefungua kituo cha redio Magomeni bila leseni, mlingoti juu ya bati la mwenye nyumba, studio kitandani kwangu.

Ikafika Jumapili ya Simba na Yanga.

Mimi ni wa Tanga, mtu wa Coastal Union, mabingwa wa 1988, na tangu mwaka huo tumekuwa watu wa kumbukumbu zaidi. Mechi ya Kariakoo huwa hainihusu. Mzee ilimhusu mpaka kwenye mifupa. Yanga damu. Alitoa mkeka barazani, birika la kahawa, kashata, redio yake ya betri yenye mshale wa kuzungusha, na wazee wenzake wakajipanga. Miongoni mwao alikuwepo fundi cherehani wa nyumba ya pili, Simba wa kutupwa, mtu ambaye Mzee alimsalimia kila siku na kumchukia kila siku ya mechi.

Ndani, mtoto naye akataka Simba na Yanga. Nikaweka Soccer, ile ya Nintendo ya 1985, ambayo timu zake ni za mataifa. Nikachukua Brazil, maana njano na kijani ni Yanga hiyo. Yeye nikampa Japani: bendera nyeupe na nyekundu, Simba hiyo. Nikafunga pazia, nikashika pedi ya pili, nikasogeza sauti ya maiki mpaka mwisho, nikaanza kutangaza.

Na mimi kutangaza najua. Nilikuwa natangazia mechi za mchangani Tanga kwa kopo la Blue Band. "Naam, msikilizaji, hali ya hewa ni tulivu, uwanja umefurika pomoni..." Mtoto akanifunga. "Goooooo!" Nikalivuta mpaka pumzi ikakata. Tatizo la Wajapani kuweka maiki kwenye pedi ni kwamba ukiinua maiki mdomoni umeinua na vitufe, sasa golini abaki nani? Akanifunga la pili. La tatu nilikuwa namwelezea msikilizaji historia ya mchezaji. Na kila lilipoingia nililitangaza kwa haki, kwa sauti ya huzuni ya mtu wa Yanga, ile yenye kutetemeka kidogo.

Yaliyotokea barazani nilisimuliwa baadaye na mpangaji wa chumba cha mwisho, ambaye mpaka leo akisimulia anakaa chini.

Betri za Mzee zilikuwa zimechoka, kituo kinakuja na kuondoka. Akawa anazungusha mshale kidogo kidogo, sikio limegusa spika. Mara sauti ikaja safi kuliko zote, kana kwamba mtangazaji yuko chumba cha pili. Vinanda vya gemu wao walivisikia kama matarumbeta ya mashabiki. La kwanza, Mzee akasema mapema bado. La pili akamwambia Bi Mkubwa aondoe kahawa. La nne fundi cherehani alikuwa amevua kofia anaipepea. La sita, Mzee alikaa kimya muda mrefu, halafu akatamka mwaka mmoja tu: "Sabini na saba."

Kwa asiyejua, Julai 1977 Simba waliifunga Yanga sita kwa bila, Kibadeni peke yake matatu. Mzee alikuwepo uwanjani siku ile. Na sasa kipindi cha kwanza hakijaisha.

Fundi cherehani akatoka barabarani anacheza. Wenye Yanga yao wakatoka majumbani na redio zao: bila kwa bila. "Wewe unasikiliza wapi?" "Redio hii hapa!" Wakaja kusikiliza hiyo hapa. Baraza likajaa, watu mpaka kwenye ngazi, wengine wameshika matofali ya dirisha. Kukawa kimya ili wasikie.

Na mimi ndani nikasema, "Naam, msikilizaji, tunakwenda mapumziko," nikaiweka pedi juu ya kitanda. Maiki wazi.

Wakati wa mapumziko kwenye Soccer wanatoka wasichana wa kushangilia, wanarusha miguu. Mama Mwajuma akaingia na beseni la nguo, akaangalia TV.

"Na hawa wanawake wanaorusha miguu ni wa nani?"

Barazani, mpangaji wangu anasema, mzee mmoja alijibu, "Hata mimi nashangaa."

"Mapumziko hayo, Mama Mwajuma."

"Mapumziko! LUKU imebaki ya kesho, wewe unapumzika. Tena umeme wenyewe hatutumii sisi. Friji la Bi Mkubwa linagandisha barafu za ukwaju usiku kucha, anauza shuleni hela anatia kibindoni, LUKU tunachangishwa wapangaji. Mlango wa choo tumeahidiwa tangu mfungo wa Ramadhani, mpaka leo tunaweka khanga. Halafu anataka kodi ya miezi sita!"

"Sauti, mke wangu. Mzee atasikia."

"Atasikia wapi? Yuko barazani na redio yake."

Nasikia hakuna aliyecheka. Watu wote waliigeukia redio, kisha wakamgeukia Mzee, kisha mmoja baada ya mwingine wakaligeukia friji, ambalo kwa bahati mbaya mlango wa sebule ulikuwa wazi na lilionekana vizuri kabisa, linanguruma. Fundi cherehani alikuwa amebaki na kofia hewani, anapiga hesabu kama Simba bado wanaongoza.

Mimi nilisikia hodi tu.

"Karibu," nikasema, na pedi nimeshairudisha mkononi.

Nikasikia "Karibu" ya pili, yangu mwenyewe, inatoka nje ya mlango. Nikafungua. Mzee amesimama, msuli, fulana, redio ameishika kwa mikono miwili kifuani. Nyuma yake korido yote vichwa. Adabu yangu ikanitoka bila kuulizwa:

"Shikamoo, Mzee."

"Shikamoo, Mzee," ikasema redio kifuani kwake.

Akaitazama. Akanitazama. Kisha, mtu aliyelelewa ni aliyelelewa, akainamisha kichwa akaiitikia redio: "Marahaba."

Mwanangu akadaka pedi yangu, akasogeza mdomo kwenye vitundu: "Shikamoo, babu! Simba tunaongoza!"

Mzee alipakata ile redio kama robo saa, sisi tunaongea kwenye maiki, yeye anasikiliza kifuani, mpaka akaridhika kwamba si jini. Notisi ya kuhama alikuwa ameshaiandika kichwani, lakini aliitoa mbele ya kadamnasi iliyotaka kwanza kuzungumza habari ya friji. Mpangaji wa chumba cha mwisho akaomba karatasi ya LUKU. Wa chumba cha kwanza akakumbuka khanga ya chooni ni ya mkewe. Wiki ile ile mlango ukafungwa, na komeo juu, na friji likawekewa hesabu yake. Mechi yenyewe iliisha sare. Fundi cherehani aligoma kulipa kahawa, akidai kwa redio aliyoisikia yeye alikuwa mbele kwa sita.

Nilijaribu kurekebisha mambo kistaarabu. Nilibonyeza ile swichi ya nyuma kwenda chaneli ya 2, sauti ikahamia 101.75. Mzee akazungusha mshale kidogo kwenda kulia, akanipata kabla ya magharibi. Dawa yake kweli kweli ni kumpa fundi mjuzi akuungie waya za picha na sauti za kawaida, zile nyekundu na njano, na antena uiachie taarifa ya habari. Nilimwambia Mzee kwamba nakwenda kufanya hivyo.

"Usiguse," akasema.

Alivuta kigoda, akakaa mlangoni kwetu, akashusha sauti mpaka Mama Mwajuma akaacha kukuna nazi ili asikie.

"Mzunguko wa pili upo karibu. Yule fundi cherehani nitamwalika kahawa. Nataka Yanga saba. Usianze haraka, la kwanza liingie dakika ya kumi hivi, apate kwanza kujisifu." Akamgeukia mke wangu. "Na wewe mwanangu, wakati wa mapumziko sema tena yale yote, kwa uchungu ule ule. Ila lile friji, sema ni la kwake."