Kijivu hakuwa "paka tu"

Kijivu tulimzika Jumamosi, chini ya mwarobaini ulioko nyuma ya jiko. Ardhi ya Dodoma mwezi wa nane mnaijua. Jembe liligoma, nikaenda kwa jirani kuazima sururu. Akauliza nachimba nini. Nilipomwambia, akasema, "Si paka tu huyo? Nitawaletea mwingine." Najua alisema kwa wema, lakini neno lile limenikaa kooni.

Alikuja kwetu Nkuhungu mwaka 2017, panya wakiwa wametushinda. Chumba cha nyuma mama huweka mahindi, uwele na karanga kutoka shambani Kongwa, na kila asubuhi tulikuta gunia lingine limetobolewa. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, basi ulichovuna ndicho kitakachokuvusha mwaka. Panya anayekula gunia anakula miezi yenu ya mbele. Kijivu alipokomaa, sindano ya kushonea magunia ilipata kutu.

Lakini si kazi yake inayotufanya tumlilie. Mama akikaa jioni kupepeta karanga, Kijivu alikuja kulala ubavuni mwa ungo, macho nusu yamefumba, maganda yanamwangukia mgongoni hadi anabadilika rangi, wala hatikisiki. Mama humsimulia habari za siku nzima. Baba alipofariki, usiku ule matanga yalipoanuliwa na nyumba ikabaki kimya, sisi watoto hatukujua la kumwambia mama. Kijivu alipanda kitandani akajikunja miguuni pake mpaka alfajiri. Wanaosema kumlilia paka ni mambo ya Kizungu, waje wamwone mama yangu, mkulima wa karanga, anavyofuta macho kwa upindo wa kitenge.

Aliuawa na sumu ya panya, na hakuila yeye mwenyewe. Daktari wa mifugo alimfunua mdomo akanionyesha: fizi zimekuwa nyeupe kabisa, na puani kuna tone la damu lisilotaka kukauka. Akanieleza kwamba zipo sumu zinazozuia damu isigande. Panya akizila hafi papo hapo, hutembea siku kadhaa huku akizidi kulegea, na panya aliyelegea ndiye paka humdaka kirahisi. Mnyama akiwahiwa, sindano za vitamini K zinaweza kumwokoa. Sisi tulikaa siku mbili tukidhani amevimbiwa. Siku hizo mbili zinaniuma kuliko yote.

Simlaumu mtu kwa kuua panya. Njaa si mchezo, na nani asiyechoka kuokota mavi ya panya kwenye unga? Ninachokilaumu ni namna tunavyoitumia sumu. Tunainunua kwa anayepita na kipaza sauti, vijipakiti visivyo hata na jina la dawa, kiasi kwamba mtoto akiila hujui umwambie nini daktari. Tunaipaka kwenye dagaa au nyanya, tunaisukuma uvunguni, na panya akifa tunamrusha jalalani kwa mkia. Pale jalalani kuna kuku wa watu, mbwa, paka, na watoto wanaookota vifuniko vya soda. Kumfukia panya shimo lenye kina ni kazi ya dakika kumi. Kuwaambia majirani "leo nimetega sumu, fungieni wanyama wenu" ni kazi ya dakika moja.

Jana jirani alikuja kweli na kipaka ndani ya boksi, cheusi, kinalia kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. Mama alikipokea, akakipakata, akakikuna chini ya kidevu. Kisha akakirudisha kwenye boksi.

"Baba, nashukuru sana," alimwambia. "Kaa nacho kwanza. Siku utakayoniambia sumu yote ya mtaa huu inawekwa wapi, nitakuja kukichukua mwenyewe."