Afande, Ongeza Mwanga!

Watu wakisikia nilikuwa mhandisi wa medani vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, wanataka niwasimulie Kampala ilivyoanguka. Ya Kampala waulizeni wengine. Yangu ni ya Novemba 1978, kwenye mwinuko wa Kyaka, tulipokaa na mizinga tukitazamana na daraja la Mto Kagera lililokatika.

Daraja lenyewe lililipuliwa tarehe 3. Ndege za Amin zilijaribu zikakosa, mwisho akaletwa mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe. Nilipoliona nilitikisa kichwa kifundi: adui ni adui, lakini yule bwana alijua pa kuweka mzigo wake.

Wakati tukisubiri vifaa vya kuvukia, kazi yetu ilikuwa kuwalinda wapiga mizinga. Bondeni tukavuta waya usawa wa goti, tukaufunga makopo ya nyama yenye kokoto ndani, na kwenye vinjia tukatega mabomu ya mwanga. Ukigusa tu, kumekucha.

Basi usiku mmoja, mvua imetoka kukatika, giza totoro, makopo yakalia. Kwacha kwacha kwacha! Bonde zima likawaka. Kila mtu handakini, bunduki zikaanza kujibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Kapteni akapiga kelele: "Mota! Mwanga!" Taa ya kwanza iliyorushwa na mzinga huo mdogo ikaning'inia angani na mwavuli wake.

Ndipo kitu kikanigonga kofia ya chuma. Ta. Tena, ta-ta. Kijana mmoja wa Dodoma pembeni yangu akashika shingo: "Mama yangu, nimepigwa!" Akafumbua kiganja taratibu aone damu. Akakuta kidudu cha kijani, miguu mirefu, kinamtazama.

Senene! Novemba ndiyo msimu wa panzi hawa, kitoweo cha Wahaya wa Bukoba, na mwanga ndio ugonjwa wao. Sisi tulikuwa tumewawashia taa ambayo Bukoba nzima haina. Wakashuka maelfu, wakaingia kolani, mikononi, hadi mdomoni mwa aliyekuwa akitoa amri.

Koplo wetu, Mhaya wa kuzaliwa, akatoka handakini risasi zikiwa bado zinalia. Akatandaza koti la mvua, akavua kofia ya chuma, akawa anazoa kwa mikono miwili.

"Koplo, lala chini!"

"Nimelala, afande!" Naye kasimama wima.

Taa ikafifia, senene wakapungua. Tukamsikia akisema kwa heshima zote: "Afande, mimi naona adui bado yupo. Ongeza mwanga."

Afande akaongeza. Akaongeza tena.

Kulipopambazuka tukashuka kukagua. Hakuna maiti, hakuna damu. Kulikuwa na nyayo za vidole vinne, pana kama sahani, zimetoka mtoni na kurudi mtoni, na kinyesi kilichotapanywa hadi kwenye makopo yangu. Kiboko alikuja kula majani.

Kapteni akabaki na daftari, anauma kalamu, maana mabomu yote yale lazima yaandikiwe maelezo. Koplo akamletea senene wa kukaanga kwenye mfuniko wa kopo, wamenyonyolewa mabawa na miguu, chumvi kidogo. Wa kwanza alimla akimkagua. Wa pili hakumkagua. Kisha akaandika: "Adui amerudishwa mtoni."

Jioni nikaenda kufunga waya upya. Koplo, ambaye hajawahi kunishikia hata koleo, akajitolea kunisaidia. Akachagua mwenyewe pa kuupitisha: katikati kabisa ya njia ya kiboko.