Mtoto Aliyerudi Aulizwe Alikokuwa

Sheria za kupambana na usafirishaji haramu wa watoto nchini Marekani hupimwa zaidi kwa idadi ya wahalifu waliofungwa. Kwa kipimo hicho, sheria mbili zilizopitishwa na Bunge la nchi hiyo mwaka 2014 na 2015, ambazo zilizikabidhi idara za ustawi wa watoto za majimbo wajibu wa kuwatambua na kuwahudumia watoto waliouzwa kwa ajili ya ngono, huonekana kuwa makaratasi tu yaliyoongezwa juu ya meza zilizokwisha kujaa. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo inasahau jinsi hali ilivyokuwa kabla ya sheria hizo, na bila kuikumbuka hali hiyo ni vigumu kuzitendea haki.

Katika majimbo mengi, sheria ya ukatili dhidi ya watoto ilimlenga mzazi, mlezi au mtu aliyekabidhiwa mtoto. Aliyepiga simu kutoa taarifa ya ukatili aliulizwa kwanza mtendaji ni nani. Akijibu kwamba ni mwanamume asiye na undugu wala ulezi wowote kwa mtoto, taarifa ingeweza kufungwa hapohapo na shauri kuelekezwa polisi, kwa kuwa halikuihusu idara ya ustawi. Polisi nao walikuwa na kosa la ukahaba katika vitabu vyao, na binti wa miaka 15 aliweza kuandikiwa kosa hilo na kuwekwa kizuizini, ingawa sheria ya shirikisho ya mwaka 2000 ilikwisha kutamka kwamba mtu aliye chini ya miaka 18 anayeingizwa katika biashara ya ngono ni mhanga, hata kama hakuna nguvu, vitisho wala ulaghai uliothibitishwa. New York ilianza kuliondoa pengo hilo mwaka 2008 kwa sheria ya kuwapeleka watoto hao kwenye huduma badala ya mashtaka, na majimbo mengine yakafuata kwa kasi tofauti.

Sheria ya 2015, ambayo kipengele chake hiki kilianza kutumika mwaka 2017, ilizitaka sheria za majimbo yanayopokea ruzuku ya shirikisho ya kuzuia ukatili dhidi ya watoto zimtambue mtoto aliyeuzwa kwa ngono kuwa ni mtoto aliyetendewa ukatili, bila kujali aliyemuuza ana uhusiano gani naye. Kwa mtu wa mbali ni marekebisho ya tafsiri. Kwa mpokea simu ni ruhusa ya kufungua jalada. Ile ya 2014 ilikuwa imetangulia kuwataka maofisa ustawi wawabaini wahanga na walio hatarini miongoni mwa watoto wanaowahudumia, watoe taarifa polisi ndani ya saa 24, na watoe taarifa vivyo hivyo mtoto anapotoroka kutoka malezi ya kambo, yaani familia au kituo ambako idara imemweka baada ya kumwondoa kwa wazazi wake.

Wanaopinga mzigo huu wanastahili kusikilizwa, hasa kwa sababu wengi wao ni watu wa kazi hiyohiyo. Wanasema wajibu ulikuja bila fungu la fedha linalolingana nao, na kwamba ofisa mwenye majalada mengi atajaza fomu kwa sababu fomu inakaguliwa, huku mtoto mwenyewe akibaki bila kitanda salama. Wanasema pia kwamba kumhusisha polisi ndani ya saa 24 kunaweza kumfunga mtoto mdomo, kwani wengi humwona anayewauza kuwa ni mpenzi au mtu pekee aliyewahi kuwajali, na wameshawahi kufundishwa kumwogopa askari. Hoja hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, na sioni kama watunga sheria waliijibu.

Ila ndani ya sheria hiyohiyo ya 2014 kuna wajibu wa tatu usiozungumzwa sana. Mtoto aliyetoroka akipatikana, idara inapaswa kujua kwa nini aliondoka, yaliyompata alipokuwa nje, na kama aliuzwa. Nalipa uzito jambo hili kwa sababu mtoto anayetoroka malezi ya kambo hana fedha, hana makazi, na mara nyingi hana ndugu wa kumkimbilia. Anayempa chakula na pa kulala usiku wa kwanza hupata madaraka makubwa juu yake. Akirudi, huenda akatoroka tena baada ya muda mfupi. Katika ripoti yake ya mwaka 2022, Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Afya na Huduma za Jamii ya Marekani, aliyepitia majalada ya watoto kama hao katika majimbo matano, alisema hakuona ushahidi kwamba wengi wao walihojiwa kuhusu kuuzwa baada ya kurudi. Mtoto alirejeshwa, tarehe ya kurejea ikaandikwa, kazi ikahesabiwa imekwisha.

Wapinzani wataona hapo uthibitisho kwamba sheria imeshindwa. Mimi naona kwamba wajibu wenyewe haujajaribiwa ipasavyo, na kwamba mkaguzi asingekuwa na cha kukagua kama sheria isingeudai. Mazungumzo hayo hayahitaji teknolojia wala jengo jipya. Yanahitaji ofisa ambaye mtoto anamfahamu, mwenye saa mbili zisizo na jalada jingine, na aliyefundishwa kuuliza bila kushutumu. Fedha zitafutwe hapo kwanza, yaani kwenye idadi ya majalada kwa kila ofisa, kabla ya kampeni za mabango.

Na Bunge bado lina deni. Sheria ya 2015 iliyalazimisha majimbo yanayopokea ruzuku kuhusu mtoto aliyeuzwa kwa ngono peke yake. Mtoto aliyesafirishwa ili afanyishwe kazi kwa nguvu, shambani au ndani ya nyumba za watu, aliachiwa hiari ya kila jimbo. Kwa hiyo palipokosekana hiari hiyo, simu inayopigwa kwa ajili yake leo bado inaweza kukutana na swali lilelile la kama mtendaji ni mzazi au mlezi, na kufungwa kwa jibu lilelile.